Naomba ushauri, Kwaresima ya jumuiya yetu imeanza kunikera

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Mi ni katibu wa jumuiya yetu hapa Dar, tuko kaya 19 ila wanaokuja kusali ni kama nane hivi. Tangu Jumatano ya Majivu tukakubaliana kila Ijumaa tukitoka Njia ya Msalaba tunapita kwa mgonjwa au mzee mmoja, tunafagia, tunachota maji, tunaacha unga na sukari tulivyochangishana.

Sasa wiki iliyopita tulienda kwa bibi mmoja anaishi peke yake, tumemaliza kuosha vyombo vizuri tu, mara mwenzetu katoa simu eti tupige picha na kiroba cha unga katikati. Yule bibi akavuta kanga akajifunika uso. Picha ikapigwa hivyo hivyo na usiku ikawa kwenye grupu la WhatsApp la parokia, watu wanaweka makopakopa. Mi nikakumbuka ile Injili ya Majivu, Mathayo 6, ukitoa sadaka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, nikakosa usingizi kabisa.

Shida ni kwamba aliyepiga ndo mwenyekiti wetu, ni mtu mzima sawa na mama yangu, na anasema bila picha watu hawachangi (na kweli siku ile ilipowekwa michango iliingia). Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Nianzie kwa padre au nimfuate kwake? Na kwa bibi nirudi kuomba radhi au ndo nitamtonesha kidonda? Ijumaa hii tunatoka tena.