Tupeane uzoefu: kuongoza kikundi kidogo mlimani hali ya hewa inapochafuka

Mleta mada, Dodoma

Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Mvua zetu za kanda ya kati huanza kuelekea Desemba na kuendelea hadi Aprili, na wapo wanaopanga kupanda Hanang au milima ya Kiboriani kule Mpwapwa katika miezi hiyohiyo. Naomba waliowahi kuongoza watu wachache waeleze waliamuaje kuendelea, kusubiri au kushuka. Habari ya kuvaa viatu vizuri tumekwisha kuisikia.

Naanza mimi. Kabla hatujaondoka Katesh, mji ulio chini ya mlima Hanang, huwa natangaza saa ya kugeuka: ikifika saa saba mchana tunashuka, hata kama kilele kinaonekana. Hanang ina zaidi ya mita 3,400, na wingu likishaufunika mgongo wa mlima, humwoni hata mwenzako aliye hatua chache mbele. Mtu aliyelipa nauli kutoka Dodoma na kuomba ruhusa kazini hakubali kirahisi kurudishwa, lakini sharti likisemwa alfajiri, wakati kila mtu ni mkavu na ameshiba, ubishi wa huko juu huwa mfupi.

Mchangiaji, Singida

Nakushukuru, mleta mada. Mimi naongezea kwamba saa peke yake haitoshi, kwa sababu baridi haisubiri saa saba. Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na aliyezoea jua la Singida haamini mpaka alowe.

Katika safari moja kijana mmoja alikuwa amevaa fulana ya pamba ndani ya koti jepesi. Alikuwa msemaji sana, kisha akanyamaza. Nilipogeuka nikamkuta anahangaika na zipu ya koti, akiisukuma kwa kiganja kwa sababu vidole vilikuwa havimtii, na nilipomuuliza kama yuko salama, jibu lilikuja limechelewa na maneno yakiburutana. Hapo sikuita kikao. Tulishuka kidogo hadi mahali palipokingwa na upepo, tukamvua ile fulana, tukamvalisha sweta kavu lililokuwa kwenye mfuko wa nailoni, tukamketisha juu ya begi asiguse ardhi, na kwa kuwa alikuwa anaweza kumeza vizuri, tukampa chai yenye sukari nyingi. Alipoanza kutetemeka tena nilifarijika, maana mtu aliyelowa na kupoa akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hali yake inazidi kuwa mbaya. Safari ya kileleni ikaishia hapo kwa kikundi kizima. Sikumwachia mtu amsindikize huku wengine wakiendelea.

Mchangiaji, Mpwapwa

Huku kwetu kinachonitisha zaidi ni radi. Nikiona mwanga nahesabu sekunde hadi ngurumo isikike, na kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, tunaondoka kwenye kilele na miamba iliyo wazi, hatujibanzi chini ya mti uliosimama peke yake, na tunatembea kwa kuachana ili radi moja isitupate sote. Haturudi juu mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Jambo jingine ni makorongo. Asubuhi mnavuka mchanga mkavu, jioni mnakuta maji mekundu yanayobeba magogo, ingawa mahali mliposimama haikunyesha hata tone. Tuliwahi kuketi ukingoni mpaka giza likaingia, wengine wakilalamika kwamba maji yanafika magotini tu. Nilichomeka kijiti pembeni mwa maji na kuwaambia kwamba hakuna anayevuka mpaka kijiti kibaki nchi kavu.

Mleta mada, Dodoma

Nawashukuru wote. Hilo la kutokigawa kikundi nakubaliana nalo kabisa, na ndiyo sababu mimi humweka mwenye mwendo wa polepole nyuma yangu moja kwa moja, na mwenye nguvu kuliko wote awe wa mwisho. Kwa wanaolenga Hanang, baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliyoua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani, mimi siondoki bila kuwauliza wahifadhi wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na wenyeji kuhusu mvua ya siku zilizotangulia. Wakisema ardhi imeshiba maji, tunaahirisha.