Msaada: stresi, wasiwasi, sonona... vyote ni "msongo wa mawazo"?

Mkalimani wa Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Nafanya vibarua vya kutafsiri hapa Morogoro. Safari hii nimepewa kipeperushi cha afya kwa wafanyakazi wa kiwandani, kurasa 4 tu, nikajua usiku mmoja kimeisha. Kumbe ndani kuna stress, pressure, anxiety na depression, na mimi kote nimejaza "msongo wa mawazo". Mteja kanirudishia na maandishi mekundu: "Mbona hapa umesema msongo wa mawazo husababisha msongo wa mawazo?" Nilicheka, halafu nikaona aibu.

Nimemuuliza mama, kasema enzi zao mtu alikuwa "ana mawazo", basi. Nisaidieni kuvitenganisha, kazi inarudi keshokutwa. Nawasilisha.

Nesi wa Usiku
Pole mkuu. Mimi huwa naangalia mzigo. Mwenye stresi ana mzigo anaoweza kuutaja: ada, kodi ya nyumba, bosi, mgonjwa nyumbani. Ukitua, anapumua. Wasiwasi unatangulia mbele: jambo halijatokea, pengine halitatokea kabisa, ila moyo unaenda mbio.

Sonona, yaani hiyo depression yako, usiifanyie mchezo. Mzigo unaweza kuondoka na hali ikabaki, au kusiwe na sababu yoyote ya kuonyesha kwa kidole. Tunaanza kuifikiria mtu akimaliza wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, hana raha, alivyovipenda havimvutii tena, usingizi na chakula vimevurugika. Huyo ukimwandikia "stresi" ataambiwa achukue likizo. Ataichukua, na atarudi vilevile.

Halafu hiyo pressure, angalia sana! Kwetu presha ni shinikizo la damu. Andika "presha ya kazi" uone watu watakavyopanga foleni kupimwa mkono.

Fundi Nondo
Mimi mtu wa zege, lakini neno hilo ni la kwetu pia. Kwenye nondo, stress ni nguvu ikigawanywa kwa eneo inaloliangukia. Nondo kuvutika ni habari nyingine, ina jina lake: strain. Aliyelieneza neno kwenye tiba ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal. Mwaka 1936 aliandika kwenye jarida la Nature jinsi mwili wa panya unavyoitikia madhara ya kila aina kwa namna ileile, na jina la stress likaja kushika baadaye. Uzeeni akakiri kwamba Kiingereza chake kingekuwa kizuri zaidi angechagua strain, kwa sababu alichokuwa anakieleza ni kinachotokea ndani ya mwili, si mzigo unaoukalia. Kwa hiyo usijilaumu sana, hata mwenye neno alichanganya.

Mkalimani wa Kihonda
Hahaha, hapo umenipunguzia mawazo mkuu.

Bibi wa Tanga
Mwanangu, msongo umetoka kwenye kusonga. Ni mawazo yaliyobanana kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Kwa stress ni neno zuri mno, liache hapohapo usilitawanye. Mfadhaiko umetoka kwenye fadhaa: mtu katikiswa, hajui ashike lipi aache lipi. Na kusononeka tangu zamani ni kuumia moyo kimyakimya, ndiyo maana wataalamu walipolichukua sonona mimi sikununa, ingawa kuna maneno yao mengine yananikereketa.

Mama yako naye usimpuuze. Wazo moja ni mali, lakini mtu akisema "nina mawazo" hakuna anayemuuliza mawazo gani. Anapewa pole.

Jirani wa Voi
Huku Kenya hiyo sonona yenu utaisikia ikiitwa unyogovu, na wapo watangazaji wanaosema msongo wa mawazo kwa yote mawili. Kama kipeperushi kitavuka Namanga, andika dalili zenyewe chini ya kila jina.

Ticha Mstaafu
Nilidhani uzi unahusu mkazo wa silabi, nikaja mbio na barabara zangu mbili: ya lami, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho; ya "sawa barabara", silabi ya tatu. Nao Waingereza huuita stress. Haya, narudi kwenye kahawa yangu.

Mkalimani wa Kihonda
Asanteni sana, na Ticha usiondoke. Sentensi sasa inasomeka: "Msongo wa mawazo ukidumu unaweza kuchangia sonona." Anxiety nimeweka wasiwasi uliopitiliza, pressure nimeandika kubanwa na kazi, na ukurasa wa kwanza unaanza na swali la mama: "Una mawazo?" Limenibakia burnout.

Nesi wa Usiku
Andika "kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi". Usiliite ugonjwa: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kuwa ni hali ya kazini. Na mteja akikurudishia tena, njoo na hayo maandishi mekundu tuyaone.