Tini ya keki yenye sura ya dubu: naitoaje bila pua kubaki ndani?

KekiNtinda:
Habari zenu wapendwa. Nimepata tini ya keki ya dubu pale soko la Owino, Kampala, kwenye vyombo vya mitumba, ni ya alumini, nyepesi, ina masikio, tumbo, miguu na vimistari vya manyoya vimejaa humo ndani. Imekuja hivyo hivyo, haina karatasi ya maelezo. Kuna mama wa hapa Ntinda mtoto wake anatimiza miaka mitatu jumamosi ijayo, kaiona tini kaipenda, sasa anataka dubu na si kitu kingine. Mimi kazi yangu ni tini za duara na keki za matunda za harusi, hizi zenye mabonde sijui hata karatasi utatandikaje. Mnafanyaje mpaka sura itoke nzima? Mchanganyiko unaweka kiasi gani? Na kupamba ni fondanti (ile sukari laini inayosukumwa na kutandikwa juu ya keki) au batakrimu (krimu ya siagi na sukari)?

mama_wa_jinja:
Dada, kwanza igeuze uangalie nyuma. Tini nyingi za hivi ni za Wilton wa Marekani na nyuma huwa wamegonga mwaka na namba, ziandike gugo utaona picha ya keki yake na mara nyingi utapata hata ile karatasi maana kuna watu wamezitunza wakazipandisha mtandaoni. Kiasi utakijua kwa maji: mimina kikombe kwa kikombe mpaka ukingoni, hesabu, halafu mchanganyiko weka nusu ya hapo, usizidi theluthi mbili.

Sasa kushika. Siagi peke yake usiiamini nnyabo, ina maji na maziwa na hayo ndiyo yanayogandisha keki kwenye kona. Chukua mafuta magumu ya kupikia, mafuta ya maji na unga wa ngano, vipimo sawa, robo kikombe kila kimoja yatosha na utabakiza ya siku nyingine, piga mpaka iwe krimu nyeupe laini. Paka kwa brashi, ingia ndani ya pua, zungusha masikio, halafu peleka tini dirishani uinamishe huku na huku, popote alumini inapong'aa ujue hapajashika, rudia. Lakini usiache mabonge maana yataacha mashimo usoni.

jiko_la_mbale:
Aliyosema mama wa Jinja ni sawa kabisa, mimi naongezea moto. Tumbo la dubu ni nene na masikio ni membamba, ukiweka nyuzi 180 kama ulivyozoea masikio yatakauka tumbo bado bichi. Weka 160 na uvumilie. Kama una ule msumari wa kutengenezea maua ya aisingi, upake mafuta uusimamishe katikati ya tumbo kichwa chini ncha juu kabla hujamimina, chuma kinapeleka joto ndani na tumbo linaiva pamoja na pembeni. Masikio yakianza kuwa kahawia yafunike na foili.

Na kama unaoka kwa makaa angalia sana, sura iko CHINI ya tini, makaa mengi chini yanaunguza uso wenyewe. Mimi napunguza chini naongeza juu.

Tumia keki ya siagi iliyoshikamana, spongi nyepesi shingo itakatika. Kampala mko kama mita 1,200 juu ya bahari, baking pauda punguza kidogo, sehemu moja ya nane, keki ikipanda haraka inabonyea katikati.

Ikitoka motoni subiri dakika 10 mpaka 15. Ikiwa bado ndani ya tini kata ule mlima uliopanda juu, pitisha kisu kirefu kikilalia ukingo, ndipo ukiigeuza inakaa sawa bila kupasuka. Ubao juu, pindua vyote pamoja, inua tini taratibu. Ukiiacha ipoe kabisa ndani mafuta yanaganda tena na hapo ndipo pua inabaki.

pambo_arua:
Fondanti hapana jamani, utafunika manyoya yote uliyohangaika nayo, bambi. Batakrimu. Ile mistari kwenye keki ndiyo ramani yako: chora kwanza macho, mdomo na mipaka kwa nozeli (kile kincha cha mfuko wa krimu) namba 3, halafu jaza mwili wote kwa vinyota vya namba 16 vikigusana, usiache keki ionekane katikati. Inachosha mkono lakini ndiyo inayoleta dubu mwenyewe. Kwa joto letu nusu siagi nusu mafuta magumu, gramu 225 jumla kwa gramu 450 za sukari ya aisingi, haitateleza haraka. Macho meusi anza na aisingi ya kakao ndipo uongeze rangi nyeusi kidogo, tena fanya usiku, ikilala rangi inakolea. Ukianza na nyeupe utamwaga chupa nzima na itakuwa chungu.

KekiNtinda:
Mwebale nyo, asanteni sana wote. Nyuma kweli kuna namba, nimeshapata picha, ni dubu aliyekaa. Msumari ninao. Swali la mwisho, naweza kuioka alhamisi nikapamba ijumaa?

jiko_la_mbale:
Ndiyo na ni bora hivyo, keki ya siku moja haibomoki ukiipamba. Ikishapoa kabisa ifunge na nailoni, usiweke friji. Ijumaa futa makombo kwa brashi kavu kabla ya kuchora.

mama_wa_jinja:
Na jumamosi mwambie mama aje na gari, boda usikubali.