Kwa nini Ruaha Mkuu unakauka ilhali Ihefu imehifadhiwa?

Swali: mwanafunzi wa mazingira, Iringa

Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kuhusu ardhioevu ya Ihefu, katika bonde la Usangu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima, lakini tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko na mamba wakabaki wamesongamana kwenye madimbwi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi, lakini mto uliendelea kukauka. Je, ng'ombe walisingiziwa?

Jibu: fundi wa umwagiliaji, Mbarali

Sitasema walisingiziwa kabisa, kwa maana kwato nyingi huharibu kingo na majani ya kinamasi. Tatizo kubwa, hata hivyo, liko upande wa juu, kabla maji hayajafika Ihefu. Pale Ng'iriama, ambapo maji hutoka kinamasini na kuingia mtoni, kuna mwamba unaoyazuia kama kizingiti cha mlango. Kina kikishuka chini ya mwamba huo, hakuna tone linalovuka, hata kama nyuma yake bado kuna maji mengi. Kwa hiyo mto hukatika kabla kinamasi hakijakauka. Kinachoshusha kina hicho ni jua kali pamoja na maji machache yanayofika kutoka mito kama Mbarali, Kimani na Ndembera, kwa kuwa mengine yameishia kwenye mifereji ya mpunga.

Masika mifereji haina madhara makubwa, maana maji yanatosha wote. Shida huanza baada ya mavuno, pale banio, yaani kizuizi cha kuelekeza maji ya mto mferejini, linapoachwa wazi na maji yakaendelea kuingia kwenye majaruba ya mpunga yasiyo na kitu, yakasambaa na kukauka juani. Huko nyuma mabanio ya kienyeji, ya magogo na mawe, yalisombwa na mafuriko na kuacha maji yapite. Ya zege hayasombwi, na kwa maoni yangu tuliyajenga bila kufikiria sana nani atayafunga.

Jibu: mkulima wa mpunga, Mbarali

Ndugu fundi, maelezo yako ni sahihi, ila umeruka jambo moja. Mfereji huo huo unaouona wa mpunga ndio kisima cha vijiji vingi: akina mama wanachota hapo maji ya kunywa na kufulia, na mifugo iliyobaki inanywa hapo. Ukifunga banio mwezi Agosti bila kuchimba visima kwanza, litafunguliwa usiku, wala hakuna jumuiya ya watumia maji itakayomtoza faini jirani aliyekosa maji ya kupikia uji. Visima vikipatikana, sisi wenyewe tutafunga.

Jibu: mdau wa nishati, Dodoma

Niongeze kwamba wakulima hawa wamelaumiwa pia kwa mgawo wa umeme, jambo ambalo halijakaa sawa. Bwawa la umeme la Mtera, lililo mbele kwenye mto huu huu, hujazwa hasa na maji ya masika, na hupokea pia mito ya Ruaha Mdogo na Kizigo. Maji ya kiangazi ni kidogo mno kwa mitambo ya Mtera na Kidatu, lakini kwa samaki na viboko wa hifadhini ndiyo yote waliyo nayo.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, kuna kijiji ambacho tayari kimechimbiwa visima na kinafunga banio lake kiangazi?