Tunataka kumleta mchungaji kutoka Voi: tuanzie wapi?

Mzee wa Kanisa, Lexington

Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu la Kiswahili hapa Kentucky ni dogo, wengi ni Wakongo tuliopitia kambini, na Warundi wachache. Mchungaji wetu wa kwanza alirudi kwao 2022, visa yake ilipofika mwisho, na tangu hapo tunaongoza ibada kwa zamu. Mwezi uliopita tulimzika bibi mmoja. Ibada aliiendesha mchungaji wa kanisa tunalopanga ukumbi wake, kwa Kiingereza. Ni mtu mwema sana, lakini watoto wa marehemu walikuwa wananitazama mimi niwatafsirie sala ya kumuaga mama yao. Bado naliona lile jeneza.

Tumempata mchungaji huko Voi, Kenya. Amechunga kanisa miaka tisa, ana mke na watoto watatu. Ndugu mmoja anashauri aje kwa visa ya matembezi, mengine tuyapange akishafika. Mshahara tungemchangia kwa sadaka ya upendo. Inafaa?

Mama Katibu, Ohio

Pole kwa msiba, Mzee. Hiyo ya matembezi iacheni kabisa. Kwa visa ile anaweza kuhubiri kwenye mkutano na kurudi nyumbani, si kuchunga kanisa lenu kwa mshahara.

Njia yake ni R-1, visa ya watumishi wa dini, na mwombaji wa kwanza ni kanisa, si yeye. Mnapeleka fomu I-129 kwa USCIS, idara ya uhamiaji, pamoja na barua ya msamaha wa kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ikikubaliwa ndipo anakwenda kwenye mahojiano ubalozini Nairobi. Kazi iwe angalau saa 20 kwa wiki. Sadaka ya upendo haitawatosha: wanataka kuona bajeti, taarifa za benki, nyumba mtakayompa. Jueni pia kwamba hawezi kwenda ghalani usiku kuongezea kipato kama sisi wengine. Anamfanyia kazi aliyemwombea tu. Mkewe na watoto wanapewa R-2, visa ya familia yake. Shule ruksa, kazi hapana. Kwa hiyo familia ya watu watano inawategemea ninyi, na hilo mliseme wazi kwenye kikao kabla hamjamwahidi chochote.

Sisi tuliumia kwenye ukaguzi. Tunapanga ukumbi kama ninyi, Jumapili saa nane mchana. Mkaguzi akaja Jumanne bila taarifa, akakuta mlango umefungwa na kibao cha kanisa la wenyewe. Tukaandikiwa kwamba ombi linaelekea kukataliwa. Nilikesha siku tatu nikikusanya mkataba wa ukumbi, picha za ubatizo, ratiba ya mazoezi ya kwaya, barua ya wenye jengo. Likapita. Ninyi wekeni hayo yote ndani tangu mwanzo, bandikeni kibao chenu mlangoni, na mweleze mwenye jengo mtu akiuliza ampigie nani.

La mwisho ndilo lililotuponyoka. R-1 hutolewa miezi 30, kisha 30 mingine, basi. Sisi tulingoja mwaka wa nne ndipo tukaomba ukaazi wa kudumu kwa fomu I-360. Aprili 2023 foleni ya ukaazi ya kundi la watumishi wa dini ikarudishwa hadi walioomba kabla ya Septemba 2018! Mchungaji wetu akafungasha. Kumbe miaka miwili ya utumishi inayotakiwa kwenye I-360 inaweza kuwa ya nyumbani. Wa kwenu anayo tisa. Mwekeni kwenye foleni mapema. Kuwa na I-360 peke yake si sababu ya kumnyima R-1.

Sista kutoka Moshi, Texas

Naongezea mawili. Siku anazokuwa nje ya Marekani hazihesabiwi kwenye ile miaka mitano, kwa hiyo atunze tiketi na mihuri ya pasipoti. Mimi nilirudishiwa miezi miwili niliyomuuguza baba. Pili, zamani ukimaliza miaka mitano ulikaa nje mwaka mzima kabla ya kuomba R-1 nyingine. Sharti hilo limeondolewa Januari 2026. Kutoka lazima utoke, ila si lazima usubiri mwaka.

Mzee wa Kanisa, Lexington

Mungu awabariki. Mama Katibu, kanisa lake la Voi lina jina tofauti na letu. Ni tatizo?

Mama Katibu, Ohio

Jina si hoja kubwa. Awe mshirika wa dhehebu lenu kwa miaka miwili kamili kabla ya ombi, na dhehebu wanalipima kwa imani, namna ya kuabudu na uongozi. Kama mnabatiza sawa na kuamini sawa, pande zote mbili ziandike hivyo na kuambatisha katiba zao. Hapo ndipo ningelipa wakili, Mzee, tena aliyewahi kushughulikia R-1. Wetu wa kwanza alikuwa wa ajali za magari.

Mzee wa Kanisa, Lexington

Nimetoka kwa mhazini sasa hivi. Barua ya IRS ipo, lakini ina jina la kanisa la kabla hatujasajili upya.

Mama Katibu, Ohio

Basi anzeni hapo. Waandikieni IRS mabadiliko ya jina, muombe barua mpya ya uthibitisho. I-129 isiondoke mezani kabla hiyo haijafika.

Mzee wa Kanisa, Lexington

Kesho asubuhi naiandika.