Tupeane uzoefu: Praima (rangi ya msingi) ya gari nyumbani, unarudia mkono (tabaka) lini na unasugua lini?

Mwanzisha mada
Wakuu, naandaa boneti na milango, napulizia mwenyewe nyumbani. Kuna sehemu nimefika kwenye bati tupu, nyingine zina rangi ya zamani. Bunduki na kompresa ninavyo, hapo sina shida. Ninachotaka ni ile saa ya kurudia praima. Leteni mliyoyafanya kwa mikono yenu, ya kusikia tuyaache.

bati_tupu
Kwenye bati mimi huanza na epoksi, ile praima ya kushika bati. Kila epoksi ina muda wake wa kupokea mkono unaofuata bila msasa, na umeandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Ukipita, lazima uikwaruze. Mlango wangu mmoja ulikaa sana kwa sababu ya mvua, nikaupitia na msasa wa 320 mpaka mng'ao wote ukafa, ndipo nikapiga praima ya kujaza, ile nzito ya kuziba mikwaruzo. Haujabanduka hadi leo.

msasa_mkavu
Praima ya kujaza napiga mikono miwili au mitatu. Kati ya mkono na mkono nasubiri ule mng'ao wa unyevu upotee. Ukiwa na haraka, thina inafungiwa chini: utaona vitundu kama vya sindano, au rangi imeshakauka vizuri halafu mistari ya msasa inaanza kuchomoza.

Ikikauka kabisa, napuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi ya kopo juu yake, kisha nasugua kwa kibao na msasa wa 400. Weusi ukibaki mahali, hapo pana bonde. Praima ikiisha na bati likachungulia, hapo ni kilima, acha kusugua. Hii hatua naipenda kuliko hata kupiga rangi yenyewe.

mzee_wa_puti
Naongeza: puti, ule udongo wa kujazia mabonde, inakunywa maji. Kwenye puti iliyo wazi ni msasa mkavu tu. Na futa mafuta KABLA ya kusugua, la sivyo unayasukumia ndani ya mikwaruzo.

kopo_la_mwisho
Rangi ya zamani ijaribu kwanza. Lowesha kitambaa kwa thina, sugua mahali pa kificho. Gari la jirani rangi ilihamia kwenye kitambaa papo hapo. Tukaikwangua yote, maana ingejikunja chini ya praima mpya.

bati_tupu
Na praima zenye hadena (kigumishi cha kuchanganya) mara nyingi zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya vumbi haizuii hiyo kitu. Soma kopo linataka kinga gani. Kama huna, mpe fundi apulize, wewe baki na msasa.

Mwanzisha mada
Na bati likichungulia baada ya kusugua, narudia gari zima?

msasa_mkavu
Hapana. Gusia hapo tu kwa epoksi, iache ikauke, sawazisha kingo. Ila kama chini ulipiga praima ya asidi (ile inayong'ata bati), soma kwanza maelezo: epoksi nyingi hazitaki kukaa juu yake.