Simu imejaa: nianze kufuta nini bila kupoteza sauti za marehemu baba?

Karani wa Kikoba ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Ninaomba msaada wa mtu anayezifahamu simu hizi kwa undani. Yangu ni ya Android yenye memori ya GB 32, na huu ni mwaka wa nne ninaitumia. Tangu wiki iliyopita kila nikiiwasha inaniambia kwamba nafasi imekwisha. WhatsApp haipokei picha, kamera inakataa kupiga, na nikijaribu kusasisha programu yoyote Play Store inanitaka nifute vitu kwanza.

Ugumu wangu ni kwamba sijui kipi nikifuta kinarudi na kipi kikienda kimekwenda. Mimi ni karani wa kikoba cha akina mama, na ndani ya simu hii kuna picha za stakabadhi za benki na za kurasa za daftari la hisa. Zaidi ya hizo, baba yangu alifariki miaka miwili iliyopita, na katika mwaka wake wa mwisho alikuwa akinitumia jumbe za sauti WhatsApp kunieleza mipaka ya shamba, mnazi upi ulipandwa na babu na upi ni wa jirani. Jumbe hizo zinafika kama arobaini, na hazipo mahali pengine popote.

Fundi mmoja wa mtaani kwetu amenishauri simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani. Nimekataa, kwa sababu simu ya mdogo wangu ilifanyiwa hivyo na hakuipata tena hata picha moja ya harusi yake. Mwingine ananiambia niingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, niichague WhatsApp na kubonyeza kitufe cha kufuta data. Nimeufikisha mkono hapo mara mbili nikaurudisha. Nianzie wapi?

Mkutubi amejibu:

Pole dada Karani, na umefanya vyema kuurudisha mkono. Katika sehemu ile ya mipangilio vipo vitufe viwili vinavyokaa jirani, na katika simu nyingi zilizowekwa Kiswahili maneno yake yanakaribiana mno: kimoja hufuta akiba, kingine hufuta data au hifadhi. Akiba hapa ni vitu vya muda ambavyo programu imevitunza ili ifunguke haraka, na ukivifuta itavitengeneza upya yenyewe. Data ni programu yote kama unavyoitumia wewe: mazungumzo, mipangilio, na namba uliyojisajili nayo. Ukibonyeza hicho cha pili kwenye WhatsApp itafunguka kama umeisakinisha leo, na kama huna nakala ya mazungumzo iliyohifadhiwa, jumbe zako hutaziona tena.

Sasa niseme jambo ambalo naamini litakupunguzia hofu. Vile unavyoogopa kuvipoteza ndivyo vyepesi kuliko vyote. Ujumbe wa sauti wa dakika moja katika WhatsApp haufiki hata MB 1, kwa hiyo jumbe arobaini za marehemu mzee wako, hata kama kila mmoja una dakika tatu, hazitaijaza simu yako. Kinachoijaza ni video za makundi: salamu za asubuhi, mahubiri, vichekesho na matangazo ya biashara, ambavyo simu inavipakua yenyewe hata kama hujawahi kuvifungua. Hivyo basi hutalazimika kuchagua kati ya sauti ya baba na nafasi ya kufanyia kazi.

Hata hivyo, usifute kitu chochote leo kabla hujazitoa sauti hizo. Jumbe za WhatsApp zinakaa ndani ya simu yako, si kwenye seva ambako unaweza kwenda kuzichukua tena kama ilivyo kwa barua pepe. Fungua mazungumzo yako na mzee, bonyeza ujumbe mmoja wa sauti na kuushikilia, kisha chagua jumbe nyingine kwa kuzigusa, halafu bonyeza alama ya kushiriki na uzitume kwenye Google Drive yako, yaani hifadhi ya mtandaoni ya akaunti yako ya Google. Ukipenda barua pepe, jitumie mwenyewe kwa mafungu, kwa kuwa Gmail haikubali viambatisho vinavyozidi MB 25 katika barua moja. Zikishafika, chukua simu nyingine au kompyuta, ingia kwenye akaunti yako, uzisikilize kutoka huko. Faili hizo huishia na herufi .opus, na mahali ambapo hazifunguki programu ya VLC huzicheza bila shida. Mpaka umezisikia kwenye kifaa kingine, hesabu kwamba bado huna nakala.

Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio iliyo ndani ya WhatsApp yenyewe, kisha sehemu ya hifadhi na data, kisha kudhibiti hifadhi. Hapo utaona mafungu mawili juu, la faili zinazozidi MB 5 na la vitu vilivyosambazwa mara nyingi, na chini yake orodha ya mazungumzo yako yote kuanzia lile linalokula nafasi kubwa zaidi. Anza na hilo la vilivyosambazwa mara nyingi, kwa sababu humo ni nadra kukutana na kitu chako mwenyewe. Kisha rudi kwenye hifadhi na data, uzime upakuaji wa video wa moja kwa moja kwa bando na kwa Wi-Fi, la sivyo mwezi ujao utatuandikia tena. Jumbe za sauti zitaendelea kupakuliwa zenyewe hata ukizima, kwa hiyo usihofu kuzikosa.

Mpiga Picha wa Harusi amejibu:

Naongeza tahadhari moja juu ya picha, kwa kuwa iliniumiza mimi mwenyewe. Nilikuwa nimewasha Google Photos ihifadhi nakala za picha zangu, nikajiambia kwamba sasa ziko salama Google, basi ninaweza kuzifuta kwenye simu. Nikazifuta nikiwa ndani ya programu hiyo hiyo ya Google Photos, picha za harusi mbili za wateja. Sikuelewa kwamba ukifuta humo unafuta pande zote mbili, kwenye simu na kwenye akaunti. Mungu alisaidia nikagundua mapema, kwa sababu picha zilizokwisha kuhifadhiwa hukaa kwenye tupio kwa siku 60 kabla hazijaondoka kabisa, nikazirudisha zote. Zile ambazo hazijahifadhiwa nakala hukaa siku 30 tu.

Njia sahihi ni kugusa picha ya akaunti yako pale juu na kuchagua amri ya kupata nafasi kwenye kifaa. Amri hiyo huondoa kwenye simu zile picha tu ambazo tayari zina nakala mtandaoni, na akaunti yako haiigusi. Lakini kumbuka pia kwamba GB 15 unazopewa bure na Google zinagawanywa kati ya picha, Gmail na Drive, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa humo. Kwa hiyo picha za stakabadhi za kikoba zipe nafasi kwanza, na video za sherehe zisubiri.

Kwa hizo stakabadhi, ni bora utumie kitufe cha kuskani kilichomo ndani ya Google Drive yenyewe badala ya kamera. Kinakata kingo, kinanyoosha karatasi, na kurasa kumi za daftari zinakuwa faili moja ya PDF ambayo unaweza kuiita kwa jina la mwezi.

Fundi Simu wa Sokoni amejibu:

Mimi ni fundi, na ninasikitika kusoma ulichoshauriwa na mwenzangu. Kurudisha simu kiwandani ni hatua ya mwisho, tena baada ya mwenye simu kuonyeshwa kwa macho yake kwamba vitu vyake viko mahali pengine. Anayekuja kwangu na simu iliyojaa humwuliza kwanza nenosiri la akaunti yake ya Google, nami sitaki aniambie, nataka ajihakikishie kwamba analikumbuka. Wengi hawalikumbuki, kwa sababu akaunti walifunguliwa dukani siku waliyonunua simu. Dada, lijaribu leo kwenye kifaa kingine kabla hujapeleka kitu huko.

Usipakue programu yoyote inayojitangaza kwamba itasafisha simu na kuiongezea kasi. Nyingi zinaleta matangazo na kuomba ruhusa ambazo hazihitaji, nazo zenyewe zinakula nafasi. Kama simu yako inayo Files ya Google, hiyo inatosha. Itakuonyesha faili kubwa, faili zilizojirudia na zile ulizopakua ukazisahau.

Watu watakushauri pia ununue memori kadi. Si ushauri mbaya, lakini kadi bandia zimejaa. Kadi inaweza kuandikwa GB 128 hata simu ikaisoma hivyo, kumbe ndani ina GB 8, na ukishapita hapo kila unachoongeza kinaharibika bila wewe kuambiwa. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kuipima kwa programu ya bure iitwayo H2testw kabla hajaitumia. Hata ikiwa halisi, ukihamishia humo video kutoka kwenye folda ya WhatsApp hazitafunguka tena ndani ya mazungumzo, utazitafuta kwenye kadi. Na kadi inayokaa ndani ya simu huibiwa pamoja na simu.

Karani wa Kikoba amejibu:

Nawashukuru sana, kila mmoja wenu. Nilikaa jana usiku nikafanya kama mlivyoelekeza, na kwanza nilijaribu nenosiri kwenye simu ya mama. Fundi, ulisema kweli, sikulikumbuka. Ilinibidi nitumiwe namba za uthibitisho ndipo niweke jipya.

Jumbe za baba zilikuwa arobaini na tatu, na zote pamoja hazikufika hata MB 20. Kundi moja tu la ukoo, ambalo sifungui isipokuwa kuna msiba, lilikuwa na zaidi ya GB 4, na ndani yake video moja ya salamu za Idi ilikuwa imerudiwa na watu sita tofauti. Nimefuta humo nikapata nafasi ya kutosha, na kamera imeanza kupiga.

Nina swali moja lililobaki. Naona WhatsApp nayo ina sehemu ya kuhifadhi nakala ya mazungumzo kwenye akaunti ya Google. Je, nikiiwasha hiyo bado nahitaji zile sauti nilizozitoa pembeni?

Mkutubi amejibu:

Iwashe, kwa sababu siku simu ikipotea ndiyo itakayokurudishia mazungumzo, mradi uwe na namba ile ile ya simu na akaunti ile ile ya Google. Ila sauti za baba zibaki pembeni vilevile. Nakala ya WhatsApp ni moja tu, na kila ikitengenezwa mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani. Ukifuta mazungumzo kwa bahati mbaya leo mchana na nakala mpya ikafanyika usiku, hiyo mpya itakuwa haina mazungumzo hayo, na ya jana haitakuwepo tena. Nayo siku hizi inahesabiwa ndani ya zile GB 15, kwa hiyo acha kujumuisha video.

Jambo moja la mwisho: faili ulizozitoa zina majina ya tarehe na namba tu. Zibadilishie majina ukiwa bado unakumbuka kila moja inahusu nini, kwa sababu baada ya miaka mitano hutajua uanze kusikiliza ipi.

Karani wa Kikoba amejibu:

Nimeanza kuyabadilisha asubuhi hii, mimi nasikiliza na mama anaandika. Tumefika ya kumi na mbili. Tumeiita «Mnazi wa mpaka wa Mzee, upande wa kisima», na mama anasema kisima chenyewe kimefukiwa siku nyingi, kwa hiyo tumeongeza na hilo kwenye jina.